Pua ya Murshid

Kwa miaka ishirini na mitatu watu wa Maskati waliiamini pua ya Murshid kuliko mita yoyote, king'ora chochote na, katika nyumba mbili tatu, kuliko walivyowaamini waume zao. Fundi mwengine akiitwa kuangalia gesi huja na mkoba. Murshid naye alikuja na mkoba, ila hakuna aliyeutazama. Walimtazama yeye, jinsi anavyosimama mlangoni na kunyanyua kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza adhana ya msikiti wa mbali, kisha anasema, "Nyuma ya jiko, upande wa kushoto." Jiko huvutwa, na kweli huwa ni upande wa kushoto.

Mwaka wa korona aliugua siku tisa nyumbani kwake Sidab. Siku ya kumi aliinuka na kila kitu isipokuwa pua. Pua yenyewe ilibaki mahali pake, ndefu na ya heshima, ya ukoo wao. Kilichoondoka ni kazi yake. Wa kwanza kujua alikuwa mkewe, Noof, siku wali ulipoungua mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kulikoni, na Murshid yumo jikoni humo humo, kakaa kitako, anasoma habari kwenye simu.

"Hunusi?" Noof aliuliza.

"Ninuse nini?"

Noof aliitazama sufuria, kisha akamtazama mumewe. "Ya Rabbi. Fundi wa gesi hana pua! Afadhali muadhini bubu, watu watatazama saa."

Wakakubaliana kunyamaza. Watoto hawakuambiwa, wateja hawakuambiwa. Na hapo likatokea jambo ambalo wateja wangelisikia wasingelipenda: Murshid akawa fundi mzuri zaidi. Zamani alinusa kwanza, akapima baadaye, siku nyengine asipime kabisa. Sasa alipima kila kiungo. Alipaka povu la sabuni kwenye bomba kwa brashi ya kunyolea ndevu, akapiga magoti, akangoja. Bubujiko moja lilimtosha kukaza nati upya. Alifunga valvu, akatazama mshale wa kipimo kwa robo saa nzima bila kusema na mtu. Ile ada ya kunyanyua kichwa mlangoni alijaribu kuiacha, lakini bibi mmoja wa Matrah alinuna akaona kaja fundi wa hovyo. Akairudisha. Ilikuwa haina madhara, alidhani.

Isitoshe, alijua siri nyengine ambayo wateja hawaijui. Gesi ya mtungini haina harufu ya kwake. Ile inayonuka ni dawa iliyotiwa na wauzaji ili watu wasife bila khabari. Lakini moto wenyewe, ukikosa pumzi ya kutosha, hutoa hewa ya aina yake, na hiyo hakuna muuzaji aliyeitia kitu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu huivuta akajiona amechoka, akenda kujilaza. Mbele ya hewa hiyo Murshid na mwenye pua nzima wanasimama safu moja, bega kwa bega.

Mwezi wa Novemba alipigiwa simu na Bwana Yaqdhan, wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Yaqdhan alikuwa mkubwa wizarani, akastaafu, na ujanani alisoma miaka minne Michigan. Alirudi na shahada, na pamoja nayo imani kwamba nyumba ya watu waliostaarabika hujitengenezea joto lake. Maskati joto hutolewa bure miezi minane kwa mwaka, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa halitoshi. Imani hiyo basi ilikaa miaka arobaini bila kupata kazi, mpaka mama yake alipoingia uzeeni.

Bi Shariffa alikuwa na miaka themanini na sita. Aliondoka Unguja na watoto watatu na sanduku moja, akalea, akazika mume, akaozesha, na katika yote hayo hakushindwa na kitu. Sasa alishindwa na vigae. Desemba ikiingia, baridi ya sakafu humpanda miguuni, ikakaa magotini kama mgeni asiyeaga. Alilala na soksi mbili na sweta la mwanawe. Mwaka wa nyuma walimwekea hita ya umeme, ikaunguza zulia. Madaktari wawili walisema jambo moja: bibi huyu akipata homa nyengine ya kifua, hatoki.

"Kwa hiyo nimeleta ufumbuzi," Yaqdhan alisema, akafungua mlango wa stoo.

Ufumbuzi ulikuwa sanduku la chuma lenye urefu wa mtu, la rangi ya kijivu, lenye maandishi ya Kiingereza na vumbi la bara jengine. Tanuri la gesi la kupasha nyumba nzima, lililokuja ndani ya kontena pamoja na vyombo vya shemeji yake aliyerudi kutoka Marekani. Huenda Maskati yote lilikuwa peke yake. Yaqdhan alifurahi kwa hilo, na Murshid akaingiwa na baridi ile ile ambayo tanuri lililetwa kuiondoa.

"La zamani hili," alisema.

"Imara. Siku hizi wanatengeneza makopo."

"Halina panka ya kusukuma moshi, Bwana Yaqdhan. Moshi wake unapanda bombani kwa sababu ni moto tu. Unapanda kwa hiari yake."

"Basi uupe njia nzuri, utapanda."

"Stoo hii imepakana na chumba cha nani?"

"Cha mama. Ndiyo maana."

Murshid alitazama ukuta ule kwa muda. Alitaka kukataa. Kisha mlango wa pili ukafunguka, akatoka Bi Shariffa na mkongojo, soksi zake mbili na sweta limemfika magotini.

"Huyu ndiye mwenye pua?" aliuliza.

"Ndiye, mama."

"Mwanangu, mie sitaki pua. Nataka miguu yangu. Jana usiku nimeitafuta kitandani, haipo. Nikadhani nshakufa nusu, wamesahau kunambia."

Murshid akacheka, na mtu akishacheka na bibi wa namna ile hawezi tena kumkatalia. Akakubali. Noof alipomuuliza jioni kwa nini, alijibu kwamba asipofunga yeye atafunga mwengine, kauli ambayo mafundi wengi wameitoa kabla ya jambo kuharibika.

Kazi ilichukua siku nne. Mtambo ulitengenezewa gesi ya bomba la mji, na Maskati nyumba zinatumia mitungi, ambayo gesi yake ni nzito zaidi. Akazitoa pua ndogo za shaba zinazopitisha gesi kwenye moto, akatia nyengine zenye tundu jembamba, akarekebisha mkandamizo mpaka mwale ukawa wa buluu, umetulia, hauna ncha ya njano. Mitungi akaiweka nje, uani, ndani ya kizimba cha wavu. Umeme wa Marekani ni nusu ya wa hapa, basi akaweka transfoma, na swichi ya peke yake mlangoni, ili mtu yeyote aweze kuzima bila kuuliza. Waya wa ardhi aliuvuta mwenyewe, hakumwachia fundi umeme, akaupima mara mbili, kwa sababu mtambo ule huutambua moto wake kwa kupitia waya huo; usipokuwa sawa, hujiona hauna moto hali unao. Bomba la moshi akalipandisha moja kwa moja hadi juu ya dari, likapita ukingo wa paa, likavikwa kofia.

Mwisho akatoboa ukuta wa stoo matundu mawili ya kuelekea nje, kila moja kubwa kama sinia, moja karibu na dari na moja karibu na sakafu.

Reem, mke wa Yaqdhan, alikuja kuyatazama. "Ami Murshid, tunatia joto ndani, kisha tunatoboa ukuta?"

"Moto unavuta pumzi, Bi Reem. Haya ndiyo mapua yake. Ukimziba mtu pua atapumua wapi?"

"Mdomoni."

"Na mdomo wa huu ni lile bomba la moshi. Ukivuta pumzi kupitia huko, moshi wote unarudi ndani. Yasizibwe. Hata kwa dakika."

Kisha akafanya jaribio lake la mwisho, ambalo hufundishwi chuoni. Akafunga milango na madirisha yote, akawasha panka kubwa ya jikoni, akatia ubani kwenye kaa la moto, akausogeza kwenye mdomo wa bomba la moshi pale juu ya mtambo. Moshi wa ubani uliyumba, ukafikiri, ukaingia bombani. Akangoja dakika kumi, ukawa unaingia. Akabandika king'ora cheupe ukutani mwa chumba cha Bi Shariffa, kidogo kama sahani ya kikombe, akakibonyeza kikalia, wakaziba masikio.

"Hiki," alisema, "ndicho kinachonusa kile ambacho mie sinusi."

Yaqdhan akampiga bega. "Unyenyekevu huo! Na wewe na pua yako."

Mwezi mmoja ulipita, Bi Shariffa akavua soksi. Kisha, Alhamisi moja alasiri, Reem alipiga simu: king'ora kimeingia wazimu, kinalia na wageni wamekaa.

Murshid alifika upesi. Alinyanyua kichwa mlangoni, kwa ada. Hakuna aliyemngojea aseme, maana king'ora kilikuwa kinasema kwa wote. Sebuleni madirisha yalikuwa yamefungwa, mapazia yameshushwa, na chini ya kitenga cha miti kilichotandikwa mabuibui na kanzu kulikuwa na chetezo kinafuka udi. Ndiyo ada ya nyumba ile, na ya nyumba nyingi: Alhamisi na Ijumaa hufukizwa, na nyumba hufungwa mpaka udi uingie kwenye nyuzi za nguo. Udi mzuri hauachwi ukatoka nje kumfurahisha mpita njia.

Akaukagua mtambo. Ulikuwa salama, mwale wa buluu, bomba linavuta. Akakibeba king'ora hadi kwenye chetezo, kikazidi. Akakitoa uani, kikanyamaza.

"Ni makaa," alisema. "Kaa la chetezo linatoa hewa ile ile. Kidogo, lakini mumefunga kila kitu."

"Kwa hiyo kosa si la mtambo," Yaqdhan alisema. Alikuwa amekaa mkao wa mwenyekiti wa kikao.

"Leo si la mtambo."

"Na king'ora hakijui kutofautisha udi na sumu."

"Hakikuwekwa kitofautishe. Kimewekwa kiamshe watu."

Reem akaingilia. "Ami, mie nafukiza tangu kuolewa. Mama yangu kafukiza, bibi yangu kafukiza. Hajafa mtu kwa udi, alhamdulillahi."

"Bibi yako madirisha yake yalikuwa ya mbao, Bi Reem. Upepo ulikuwa unaingia hata akikataa. Haya ya alumini mukiyafunga hata nzi hapiti. Fukizeni uani. Au mufungue dirisha moja."

"Uani?" Reem alisema, kama mtu aliyeambiwa akaoge uani. "Majirani watasemaje?"

Alipokuwa anatoka alipita stoo, akaona tundu la chini limezibwa kwa taulo. Akalivuta. Reem akaona haya kidogo: udi wote ulikuwa unakimbilia huko, ukipita chini ya mlango wa stoo. Haitorudiwa, akaahidi. Yaqdhan naye akaahidi. Bi Shariffa, miguu peku juu ya zulia, akamwambia asikunje uso, atazeeka kabla yake. Murshid akaondoka na ahadi tatu, na njia nzima hadi Sidab aliziona nyepesi.

Januari iliingia na baridi ya kweli, ya nyuzi kumi na sita, ambayo Maskati huitwa msiba. Ijumaa ya pili, saa tatu na nusu asubuhi, Murshid alikuwa barazani na gilasi ya chai. Simu ikalia. Alikuwa Reem, na sauti yake ilikuwa na uzito mtamu, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Nimekupigia kukushukuru, ami. Bi Mkubwa kawa mwengine. Mashavu yamemwiva kama bibi harusi. Analala! Jana alfajiri imempita, na leo imempita. Nimeolewa miaka thelathini na mbili sijapata kuliona hilo. Tumemwacha apumzike, maskini."

Murshid aliiweka gilasi chini.

Mwanamke ambaye hakupitwa na alfajiri alipozaa, alipofiwa, wala alipokuwa melini na watoto watatu wanatapika, amepitwa mara mbili kwa siku mbili.

"Na nyinyi, vichwa vinakugongeni?"

"Ah, sote, tangu juzi. Yaqdhan anasema ni hali ya hewa."

"King'ora kinasemaje?"

"Kipo."

"Kipo wapi, Bi Reem?"

"Ndani ya mtoto wa meza. Tumekitoa betri. Ami, kilikuwa kinatutia haya."

"Skiza. Fungua madirisha yote. Zima mtambo, swichi ipo mlangoni mwa stoo. Mtoe Bi Shariffa uani. Sasa hivi."

"Sasa hivi? Nguo za Ijumaa ndiyo kwanza nimezitandika kitengani. Ngoja udi umalizike, dakika kumi tu."

"Usingoje hata moja!"

"Usinipigie kelele, ami, kichwa kinaniuma. Ngoja nimuulize Yaqdhan, yumo anaoga."

Akaiweka simu mezani. Hakuikata. Na Murshid akasikia kitu kilichomwinua kitini: mngurumo wa panka ya jikoni. Ijumaa, biriani, panka inafanya kazi kwa nguvu zake zote, inatoa hewa nje, na nyumba imefungwa pembe zote. Nyumba nayo lazima ivute pumzi pahali. Kama matundu ya stoo yamezibwa, limebaki tundu moja tu, nalo ni bomba la moshi. Moshi uliokuwa ukipanda kwa hiari ulikuwa umebadili nia.

"Noof! Piga simu ya dharura, waambie sumu ya moshi, waelekeze nyumba ya Yaqdhan!" Alikwisha fika garini. Viatu havikuwa jozi moja.

Barabara za Ijumaa asubuhi ni tupu. Alipita Matrah mbio, simu ikiwa wazi kwenye kiti cha pembeni, na njia nzima akawa mgeni katika nyumba ile bila kuiona. Alisikia panka. Alisikia kijiko kikigonga sufuria mara mbili. Alisikia Reem akisema, "Hebu nikae kidogo." Aliita jina lake kwa sauti ambayo ilimtisha mwenyewe. Baada ya hapo ilibaki panka peke yake, na Qurum alikuwa bado hajaifika.

Nyumba aliikuta nzuri, nyeupe, imetulia, bustani imemwagiwa maji. Vioo vya madirisha vilikuwa vinatoka jasho. Maskati vioo hutoka jasho kwa nje, kiangazi, kwa sababu ya AC. Hivi vilitoka jasho kwa ndani.

Aligonga kwa ngumi. Yaqdhan alifungua, kanzu nyeupe imepigwa pasi, mkono umeshika kilemba ambacho hajui afanye nacho nini.

"Murshid! Reem anasema... sijui anasema nini. Haya, nusa. Wewe nusa uniambie. Hamna harufu yoyote, udi tu."

"Toka nje."

"Nakwambia hamna harufu!"

"Toka!" Akamvuta kwa kola, na yule aliyekuwa mkubwa wizarani akakaa kwenye kizingiti kama mzigo uliotuliwa, akaanza kutapika juu ya viatu vyake vya msikitini.

Murshid alivuta pumzi ya nje, akaibana, akaingia. Swichi ya stoo, akaipiga. Dirisha la sebule, akalifungua. La ukumbini halikufunguka upesi, akalivunja kwa mguu wa kigoda. Jikoni Reem alikuwa kwenye kiti, mwiko mkononi, macho wazi. "Najiona mzito," alisema kwa adabu. Akamwinua akamsukuma kwenye mlango wa nyuma.

Bi Shariffa alikuwa kitandani, mto umepangwa, tasbihi imemzunguka vidole. Alipendeza mno. Mashavu yake yalikuwa na rangi ambayo miaka themanini na sita haina, na alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi ndefu.

"Bi Shariffa!"

"Nakuja, mama," alijibu, na hakuwa anamjibu Murshid.

Hakuweza kumbeba mikononi, pumzi aliyoibana ilikuwa imekwisha. Akalishika shuka kwa pembe mbili, akamburura nalo sakafuni, juu ya vile vigae alivyovichukia, ukumbini, kizingitini, hadi kwenye majani ya bustani. Soksi hana. Miguu yake midogo ikabaki juani.

Ambulensi ilipofika, Murshid alikuwa amefunga mitungi uani na amerudi stoo na kitambaa mdomoni. Matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa. Si kwa taulo safari hii. Yalizibwa kwa kanga mpya, zimekunjwa vizuri, zimepigwa pasi, pembe kwa pembe. Kazi safi, ya mtu anayeipenda nyumba yake. Akakitoa king'ora kwenye mtoto wa meza, akakitia betri. Kilianza kulia kabla hajafunga kifuniko.

Bi Shariffa aliwekwa kwenye oksijeni. Siku mbili za mwanzo madaktari hawakusema lolote, na watu wa nyumba ile walikaa kwenye viti vya hospitali bila kunukia kitu chochote. Siku ya tatu aliomba maji ya kutawadhia. Siku ya sita alirudi nyumbani, na kila kitu chake kilirudi isipokuwa Ijumaa ile na jina la mkwewe. Alimwita Reem "wewe bibi". Madaktari walisema ni athari ya sumu. Wengine katika ukoo walisema si athari ya kitu.

Mtambo Murshid aliung'oa mwenyewe, akaziba bomba, akausukuma hadi kwenye banda la gari. Bi Shariffa aliletewa mablanketi manne na maji ya moto kwenye mpira. Na king'ora alikidai yeye mwenyewe, kikapigiliwa juu ya kitanda chake. Wakifukiza ndani kikilia, husema, "Wacheni kilie. Kina akili kuliko nyinyi." Wakaanza kufukiza uani, na majirani wakasema.

Lakini khabari iliyotoka nyumba ile ikazunguka Maskati haikuwa ya king'ora wala kanga. Ilikuwa ya pua. Murshid, walisema, alinusa sumu kutoka Sidab. Kwenye simu! Aliingia, akanyanyua kichwa, akaenda moja kwa moja. Simu zikamiminika. Watu waliuza vipimo vyao. Fundi mmoja kijana alionekana Matrah akisimama milangoni, kanyanyua kichwa.

Mwisho wa mwaka, Ijumaa baada ya sala, Yaqdhan alimwalika chakula, watu kama kumi wamekaa sebuleni, na akaihadithia tena, sasa kwa mikono. Murshid aliiweka gilasi chini.

"Sinusi," alisema.

"Nini?"

"Sinusi kitu. Tangu mwaka wa korona. Sinusi gesi, sinusi udi, sinusi biriani hii. Na ningekuwa nanusa isingenisaidia, maana ile haina harufu. Nilijua kwa sababu Bi Shariffa alipitwa na alfajiri. Basi."

Kisha Yaqdhan akacheka, na wote wakacheka, kwa mapenzi. "Munamwona? Kila nikimsifu anajificha! Ndiyo watu wa zamani hao." Mmoja akamwekea nyama zaidi.

Bi Shariffa peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mlango wa chumba chake u wazi nyuma yake, anamtazama Murshid.

"Mtambo uko wapi?" Murshid aliuliza. "Bandani sikuuona."

"Ah, nimempa mkwe wangu Thani. Ana nyumba mpya Jabal Akhdar, huko ndiko kwenye baridi yake. Karibu sifuri! Utamfaa. Kapata fundi huko huko, kaufunga kwa siku moja."

"Siku moja. Na king'ora?"

"King'ora mama hatoi."

Murshid alikwisha toa simu. Thani alijibu baada ya muda, kwa uchangamfu, sauti inakatika katika.

"Ami Murshid! Usiwe na wasiwasi, tumeuwasha tangu juzi. Tumenusa kila pembe kama unavyofanya wewe, wallahi hamna harufu. Joto safi! Madirisha tumeyatia mipira, hauingii hata upepo. Watoto wanalala kama mawe."

"Leo alfajiri waliamka?"

Thani alicheka. "Ami, watoto wa siku hizi? Alfajiri?"

"Thani, skiza, fungua madirisha, watoe..." Simu ikakatika. Akapiga tena. Akapiga tena. Sauti ya mwanamke ikamwambia, kwa Kiarabu fasaha, kwamba nambari hii haipatikani kwa sasa. Kupanda hadi huko ni saa mbili na nusu, ukiendesha vibaya. Akaomba nambari ya jirani yeyote wa Thani.

"Hunusi na bado unababaika," Yaqdhan alisema, bado anatabasamu, ingawa tabasamu lilikuwa limeanza kumchoka. "Sina nambari ya jirani yao. Kuna nini? Murshid, kuna nini?"

Bi Shariffa alikuwa ameshainuka. Aliingia chumbani, wakasikia mkongojo ukigonga ukuta mara mbili tatu, na kitu kikianguka kitandani. Akatoka nacho kifuani, cheupe, kidogo kama sahani ya kikombe, na uzi uliokishika msumarini ungali unaning'inia.

"Chukua, mwanangu. Nenda nacho."

"Na wewe, Bi Shariffa?"

"Mie ntafungua dirisha." Na akarudi kulifungua, na baridi ya Desemba ikaingia, ikapita juu ya vigae, ikaanza na miguu yake.